Programu tayari au programu ya kupimiwa: ipi inaifaa pikapu yako?

Mwenye pikapu anayetaka kuongeza nguvu ya injini bila kufungua hata nati moja huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kununua kifaa cha mkononi ambacho kimeshapakiwa programu kadhaa na mtengenezaji wake, akachagua moja, akaiingiza kwenye kompyuta ya injini na kuendelea na safari zake; au anaweza kumlipa fundi amwandikie programu ya gari lake peke yake, kwa kusoma takwimu zinazotoka kwenye gari hilohilo. Ya kwanza nitaiita programu tayari na ya pili programu ya kupimiwa, kwa kuwa tofauti yao haiko mbali na ile ya suruali ya dukani na suruali ya fundi cherehani.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi inatoa nguvu zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo linapewa nafasi isiyostahili, kwa sababu kwenye pikapu ambayo haijaguswa tofauti ya nguvu kati ya programu tayari iliyo nzuri na ya kupimiwa iliyo nzuri mara nyingi ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Linaloamua ni umbali uliopo kati ya gari lako na lilivyotoka kiwandani, pamoja na kazi unayolifanyisha kila siku.

Kinachobadilishwa ndani ya kompyuta

Kompyuta ya injini hubeba majedwali mengi, ambayo mafundi huyaita ramani. Kwa injini ya petroli, ramani hizo hupanga taimingi ya cheche za plagi, uwiano wa hewa na mafuta, na shinikizo la hewa ya turbo kama ipo. Kwa dizeli, hupanga kiasi cha mafuta kinachopulizwa na nozeli kila mpigo, wakati wa kuyapuliza, na shinikizo la mafuta kwenye reli, bomba la pamoja linalolisha nozeli zote. Juu ya hayo kuna mipaka ya torki (nguvu ya kuzungusha), ukomo wa kasi na, kwa gari la gia otomatiki, mpangilio wa kubadili gia.

Mtengenezaji wa gari huacha nafasi katika ramani hizo, kwa sababu gari moja litauzwa kwa watu watakaotia mafuta duni, watakaopanda milima wakati wa joto kali, na watakaochelewa kubadili oili kwa miezi. Programu yoyote ya kuongeza nguvu hula sehemu ya nafasi hiyo, na si nafasi yote iliyo bure. Toyota ilipoiongezea nguvu injini yake ya dizeli ya lita 2.8 kwenye Hilux mwaka 2020, kutoka kilowati 130 hadi 150, na torki kutoka nyutoni mita 450 hadi 500 kwa gia otomatiki, haikubadilisha namba za kompyuta peke yake. Ilibadilisha na turbo pia. Mnunuzi anayeahidiwa ongezeko kama hilo kwa programu tupu anapaswa kukumbuka mfano huo kabla ya kufurahi.

Injini isiyo na turbo haitoi mengi kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, kwa kuwa programu haiwezi kuingiza hewa zaidi kwenye silinda zinazovuta zenyewe. Kwa injini kama hiyo faida iko zaidi kwenye uchangamfu wa akseleta na kwenye ubadilishaji wa gia, na kwa faida ya aina hiyo sioni sababu ya kulipia programu ya kupimiwa. Mazungumzo yanayofuata yanahusu hasa pikapu zenye turbo.

Programu tayari inavyofanya kazi, na pale inapokwama

Kifaa huchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi wa gari, OBD-II, iliyo chini ya dashibodi, ambayo kwa Marekani imekuwa ya lazima kwa magari ya abiria na pikapu ndogo tangu toleo la mwaka 1996. Kinasoma namba ya utambulisho wa gari, kinatambua programu iliyomo, kinaihifadhi nakala ya kiwandani, kisha kinaandika ile uliyochagua. Kazi yote huchukua dakika chache, na ukitaka kurudi ulikotoka, unarudisha nakala ileile kwa njia ileile.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba imeshaendeshwa kwenye magari mengi ya aina moja kabla ya kukufikia, na kwamba mwandishi wake, kwa kuwa hajui gari lako limetunzwaje, amelazimika kuwa mwoga. Watu huutaja woga huo kama kasoro. Mimi nauona kuwa ndio sifa yake bora, hasa kwa pikapu ya kazi ambayo mwenyewe hana muda wa kufuatilia takwimu za sensa (vihisi) za injini kila wiki.

Kuna mtego mmoja ambao haupewi uzito unaostahili. Programu tayari za petroli hupangwa kwa oktani, kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka ovyo ndani ya silinda, na nyingi zimeandikwa kwa soko la Marekani, hivyo kwenye skrini utakuta chaguo za 87, 91 na 93. Namba hizo ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, ilhali sehemu nyingi nyingine duniani pampu huonyesha RON peke yake, ambayo kwa petroli ileile huwa kubwa zaidi. Petroli ya RON 91 inakaribiana na ile ya 87 ya Marekani. Programu iliyoandikwa 91 inahitaji RON ya 95 au 96 hivi. Dereva anayelinganisha namba ya pampu na namba ya skrini bila kujua hilo atakuwa ameipa injini taimingi ya mbele kuliko mafuta yake yanavyoweza kuhimili, na injini itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo, chini ya mzigo. Sensa ya kugonga itairudisha taimingi nyuma ili kuokoa pistoni, kwa hiyo dereva huyo huenda akapata nguvu ndogo kuliko aliyekuwa nayo kabla ya kununua kifaa, tena kwa hatari zaidi.

Vifaa vingi vya programu tayari humruhusu mwenyewe kurekebisha mambo madogo, na moja kati ya hayo kwa mwenye pikapu ni muhimu kuliko nguvu za farasi: ukubwa wa tairi. Ukiondoa tairi za kimo cha inchi 31 na kufunga za inchi 33, gari husafiri karibu asilimia 6 zaidi kwa kila mzunguko, maana yake mshale ukisoma 100 wewe uko kwenye 106, na gia otomatiki inabadilika kwa hesabu zisizolingana na mwendo halisi. Kusahihisha hilo hakuhitaji fundi.

Programu tayari hukwama pale sehemu za kuvuta hewa, kupuliza mafuta au kutoa moshi zinapokuwa zimebadilishwa. Chukua mfano wa bomba la hewa. Injini nyingi hupima hewa kwa sensa iliyo ndani ya bomba linalotoka kwenye chujio, na sensa hiyo imesawazishwa kwa kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukifunga bomba la milimita 90 mahali palipokuwa na la milimita 80, eneo la kupita hewa linaongezeka kwa takriban asilimia 27, hewa inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, na sensa inaripoti pungufu kwa kama sehemu moja ya tano. Kompyuta inapuliza petroli kulingana na ripoti hiyo. Pale ilipokusudia kilo 12.5 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kiasi cha kawaida akseleta ikikanyagwa hadi mwisho, kabla ya masahihisho yoyote itakuwa inapata karibu 15.8. Kwa mwendo wa polepole sensa ya oksijeni itaiambia iongeze mafuta, na dereva hataona kitu. Lakini chini ya mzigo mzito masahihisho hayo huwekewa mpaka au hayatumiki kabisa, na hapo ndipo injini yenye turbo huunguza pistoni. Programu tayari haijui lolote kuhusu bomba hilo, isipokuwa pale mtengenezaji wa kifaa anapoitaja sehemu husika kwa jina na kutoa faili yake.

Programu ya kupimiwa, hatua kwa hatua

Hapa kazi huanza na maswali. Fundi anayejua kazi atataka kujua mafuta unayotumia, mwinuko wa mahali unapoishi, uzito wa tela unalokokota, tairi, difu, na kila sehemu iliyobadilishwa. Kisha hukupa faili ya kwanza, ya tahadhari, unaiingiza kwenye gari, unaendesha kwa namna aliyokuelekeza huku kifaa kikirekodi sensa, unamtumia rekodi, naye anakurudishia faili iliyosahihishwa. Mzunguko huo hurudiwa mara tatu, nne au zaidi.

Nitaeleza kilichonitokea, kwa kuwa kilibadilisha mawazo yangu kuhusu kinacholipiwa. Katika rekodi yangu ya tatu, gia ya tatu, kanyagio limefika chini, mizunguko ikipita 3,400, gari lilisita kwa muda mfupi sana ambao mimi niliuchukulia kuwa ni barabara mbaya. Fundi alirudisha jibu fupi: shinikizo la turbo lilikuwa sawa na lililoombwa, uwiano wa mafuta ulikuwa sawa, lakini kihesabio cha silinda moja kilikuwa kimehesabu cheche zilizokosa kuwasha. Akaniambia nisiendeshe tena kwa nguvu mpaka nipime plagi. Nilizifungua jioni ile na kukuta mwanya wa ncha umepanuka kupita kipimo cha kitabu cha gari. Shinikizo lilipoongezeka, cheche ilikuwa inazimwa kabla ya kuruka. Siku hiyo sikuongezewa hata nusu farasi, na bado naiona kuwa ndiyo siku ambayo pesa yangu ilifanya kazi. Programu tayari ingeweza kuleta kasoro ileile, na pasingekuwa na mtu wa kuiona.

Kasoro za njia hii ni za binadamu. Ubora wake ni ubora wa mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa na haraka, anaweza kunakili faili ya mteja mwingine na kuiita ya kupimiwa, au anaweza kuacha kazi hiyo na kukuachia faili iliyofungwa ambayo fundi mwingine hawezi kuifungua. Njia rahisi ya kumpima ni kutazama anachouliza. Anayekutumia faili ya mwisho bila kuomba rekodi hata moja amekuuzia programu tayari kwa bei ya kupimiwa. Zaidi ya hapo, programu ya kupimiwa imefungwa kwenye hali iliyopimiwa: ukibadili nozeli, turbo au aina ya mafuta, inabidi kazi irudiwe, na kwa kawaida hulipiwa.

Watu huulizana pia kama kupimiwa kwenye dainamomita, mashine inayopima nguvu ya gari likiwa limesimama mahali pamoja, ni bora kuliko kupimiwa barabarani kwa kutumiana rekodi. Dainamomita ina usalama, na inaonyesha haraka kama badiliko fulani limesaidia, ilimradi ulinganishe kabla na baada kwenye mashine ileile siku ileile, kwa sababu mashine mbili tofauti huweza kutoa namba mbili kwa gari moja. Hata hivyo, mbio moja kwenye mashine huchukua sekunde chache, ilhali pikapu inayokokota tela huteseka kwa dakika kumi mfululizo kwenye mpando, wakati intakula (kipoza hewa ya turbo) imeshapata joto, oili ya giaboksi imeshapanda, na upepo wa mbele ni mdogo. Joto hilo haliji kwenye mbio fupi. Kwa hiyo kwa gari la kukokota ningechagua rekodi ya barabarani yenye tela nyuma kuliko karatasi ya dainamomita yenye mchoro wa kuvutia.

Giaboksi, mahali ambapo njia zote mbili huweza kuumiza

Katika magari ya miaka ya karibuni kanyagio la akseleta halifungui tena mlango wa hewa moja kwa moja. Dereva anapokanyaga, kompyuta huchukulia kuwa ameomba torki fulani, ikalipima ombi hilo kwenye mipaka kadhaa, kisha ikaamua hewa, mafuta na taimingi. Torki inayokadiriwa kutoka huarifiwa kompyuta ya giaboksi, nayo huitumia kupanga shinikizo la oili linalobana klachi za ndani.

Sasa, fundi anayetaka matokeo ya haraka anaweza kuipotosha hesabu hiyo ili mipaka isiguswe, injini ikatoa nyutoni mita 600 huku ikiripoti 500. Giaboksi itabana kwa 500. Klachi zitateleza kidogo kila gia inapobadilika, oili itaanza kuwa nyeusi na kunuka kuungua, na miezi kadhaa baadaye giaboksi itakufa bila mtu kuihusisha na programu iliyokuwa inapendeza sana. Hili linaweza kufanywa na mwandishi wa programu tayari sawasawa na fundi wa kupimiwa. Tofauti ni kwamba fundi unaweza kumuuliza. Muulize kama amegusa programu ya giaboksi, na kama torki inayoripotiwa inaendana na inayotoka. Kwa kifaa cha programu tayari, angalia kama maelezo yake yanataja urekebishaji wa giaboksi kwa injini yako hasa, kwa kuwa baadhi hugusa injini peke yake.

Dizeli na moshi

Kwa dizeli hatari haiko kwenye kugonga bali kwenye joto la moshi. Mafuta zaidi bila hewa ya kutosha huleta moshi mweusi na joto kali kabla ya turbo, na mafundi wengi wa pikapu za dizeli hawapendi kuona joto hilo likikaa juu ya nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mrefu. Programu tayari nyingi huwa na chaguo la kukokota mbali na lile la nguvu, na kosa la kawaida ni kuacha chaguo la nguvu huku tela likiwa nyuma. Kama utakokota kwa programu yoyote ile, funga kipimajoto cha moshi. Ni kifaa cha bei nafuu ukilinganisha na turbo. Masizi yanayoongezeka pia hulijaza chujio la masizi upesi, na gari litakuwa linajisafisha mara kwa mara na kula mafuta uliyodhani umeyaokoa.

Kuhusu kuondoa chujio hilo na kuzima mifumo ya kupunguza moshi kwa programu, ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 nchini humo zilikuwa zimeondolewa mifumo hiyo katika muda wa takriban miaka kumi. Fundi ambaye jibu lake la kwanza kwa kila tatizo ni kuondoa chujio, mimi humwacha hapohapo, maana ramani nzuri ya dizeli inaweza kuandikwa mifumo yote ikiwa mahali pake.

Yako pia masanduku madogo yanayofungwa kati ya sensa na kompyuta ili kuidanganya isome shinikizo dogo kuliko lililopo. Faida yake ni kwamba huchomolewa bila kuacha faili kwenye kompyuta. Ubaya ni kwamba kompyuta haijui inachokifanya, na sipendi injini isiyojijua.

Dhamana, na namna ninavyochagua

Asikudanganye mtu kwamba ukirudisha programu ya kiwandani hakuna alama inayobaki. Kila programu ina namba ya utambulisho na namba ya uhakiki ambazo wakala anaweza kuzisoma, na kompyuta nyingi huhesabu mara zilizoandikwa upya. Sheria ya Marekani ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 humzuia mtengenezaji kukana dhamana yote kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine, lakini haimzuii kukataa kulipia pistoni iliyounguzwa na kifaa hicho. Katika hili njia zote mbili ziko sawa.

Kwa pikapu iliyo kama ilivyotoka kiwandani, au iliyobadilishwa tairi na chujio la hewa la kukaa kwenye boksi lilelile, ningechukua programu tayari, chaguo la kukokota, na salio la pesa ningelipeleka kwenye oili ya giaboksi na plagi mpya. Kwa pikapu iliyobadilishwa turbo, nozeli, bomba lenye sensa ya hewa au intakula, au inayotumia mafuta yenye ethanoli nyingi, programu ya kupimiwa si anasa. Bila hiyo sehemu hizo zisifungwe. Kati ya hao wawili yupo mtu mwenye gari lisiloguswa lakini anayeishi kwenye mwinuko wa mita 2,000 au zaidi na kukokota mzigo mzito kila wiki. Hewa ya huko ni nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile, na programu tayari iliyopangwa karibu na usawa wa bahari inaweza kuisukuma kupita inapostahili. Huyo ningemshauri apimiwe ingawa hajabadilisha hata nati, na kama hawezi, abaki na programu ya kiwandani.

Vilevile kabla ya kulipia chochote, hakikisha kompyuta ya gari lako inaandikika kupitia soketi. Baadhi ya matoleo mapya yamefungwa, na kompyuta hulazimika kutolewa na kufunguliwa au kubadilishwa, gharama ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Siku ya kuiingiza, njia yoyote uliyochagua, unganisha chaja imara ya betri na uzime feni, redio na taa, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki na nusu programu na gari lisiwake tena. Hifadhi nakala ya kiwandani mahali pawili. Na utakapoliuza gari, rudisha kwanza nakala hiyo kwa kutumia kifaa kilekile: vifaa vingi hujifunga kwenye gari moja, na ukimpa mnunuzi gari lenye programu huku kifaa kikibaki kwenye droo yako, wewe utakuwa na kifaa kisichofanya kazi kwenye gari lingine, naye atakuwa na gari asiloweza kulirudisha lilivyokuwa.